Kamba ya Mwisho wa Mbio

Watoto wa Vitengeni walimwita Mwalimu Tembea, na si kwa mapenzi. Akikuona umemaliza kukimbia, hata kama ulikuwa ukimfukuza mbuzi wa mamako, atakufokea kutoka ng'ambo ya kiwanja: "Usisimame! Tembea! Tembea nakwambia!" Walimu wenzake walimtania wakinywa chai ya saa nne. "Kiponda, na bibi harusi akimaliza kucheza naye atembee?" Alicheka nao, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Miaka thelathini na moja ya kufundisha, amebakisha muhula mmoja astaafu. Waliojua sababu yake walitazama kando, wakaomba sukari.

Sababu ilikuwa kamba, na kamba ile, jamani, ilikuwa wazo lake mwenyewe. Mwaka mmoja, kwenye mbio za nyika za shule za hapo, walimu wawili walishikana mashati mbele ya watoto wakigombania nani amekuwa wa nne, maana wanne wa kwanza ndio waendao Kilifi kwenye mashindano ya kaunti. Mmoja wa waliovuana vifungo ni Kiponda. Alipotulia aliona haya. Akaenda Malindi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Manilal, akanunua kamba ya nailoni ya buluu, mita arobaini. Akapigilia vigingi, akatengeneza ujia mwembamba mwisho wa mbio. Mtoto akimaliza aingia humo, apewa namba iliyokatwa kwenye boksi, asimama nyuma ya mwenzake kimya mpaka mwandishi aje aandike majina. Ukitoka kambani, namba yako imekwenda. Kila mtu alimsifu kwa akili hiyo, na ugomvi ukaisha kweli.

Mwaka wa pili wa kamba, Easter Menza akaingia wa tatu. Msichana wa miaka kumi na minne, hakutia kitu tumboni tangu jana yake jioni, kilomita sita kwenye jua la saa sita. Mwandishi naye kaacha meza, kaenda kumpa mkono mgeni wa heshima. Easter akasimama na namba yake, magoti yakimtetemeka.

"Mwalimu, nashikwa na kisunzi. Naomba nitembee kidogo."

"Vumilia, mwanangu. Ukitoka hapo umepoteza," Kiponda akamwambia.

Akavumilia. Mtoto mtiifu, maskini! Alianguka mzimamzima, hata mikono hakuitanguliza, kichwa kikapiga saruji ya mlingoti wa goli. Siku ya tatu akafariki hospitalini, mamake akiwa amemshika kidole cha mguu kwa kuwa kichwani hapakushikika.

Muuguzi mmoja alimkuta Kiponda kwenye benchi la nje, akamweleza bila kupaka mafuta. "Ukikimbia, miguu yausaidia moyo kurudisha damu juu. Ukisimama ghafla, damu yabaki miguuni, na kichwa chakosa. Angetembea dakika tano au kumi, akipunguza mwendo polepole, kisunzi kingepita. Na kama hawezi kutembea, angelala chini miguu juu. Hakuna cha ajabu hapo, mwalimu."

Hakuna cha ajabu! Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Angetukanwa, angalau angekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Hakutukanwa. Waliandika ajali, wakazika, wakarudi shuleni. Kila mwaka Kiponda aliinua mkono kwenye mkutano wa walimu wa michezo, akaomba kamba iondolewe. Kila mwaka walisema itatazamwa, na kila mwaka kamba ilitolewa stoo ikapigiliwa vigingi. Mwishowe akaomba awe ndiye mshika kamba. Walidhani anaipenda. Alitaka tu awe karibu na atakayeanguka.

Easter alikuwa na mdogo wake, Caroline, aliyekuwa na miaka mitano siku ile. Alipofika gredi ya sita alimjia mwalimu nje ya ofisi, pekupeku, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kukimbia."

Mwalimu akamwambia aende akacheze mpira wa wavu. Mtoto hakuondoka. Alikuwa amesikia ya shule moja ya bweni huko bara ichukuayo wasichana waliofika kaunti kwa mbio, kula na kulala bure hadi wamalize. Nyumbani kwao palikuwa na jembe, mahindi ya kutegemea mvua, na mama mjane. Hakuwa na mlango mwingine, na alijua hivyo.

Kiponda alipokwenda kuomba ruhusa, Zipporah, mamake, alikuwa akipukuchua mahindi. Hakumkaribisha kiti.

"Mmoja nilikupa ukanirudishia maiti. Na huyu wamtakia nini?"

Mwalimu alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanamke akapukuchua gunzi la pili, la tatu, la nne.

"Roho yake iko huko, nikimzuia atanichukia," akasema hatimaye. "Mchukue. Lakini uniletee mzima, Mwalimu. Sitaki namba. Nataka mtoto."

Akala kiapo. Kwa miaka miwili akamfundisha kana kwamba afundisha watu wawili. Uji saa mbili kabla ya kukimbia, kidogo, si wa kujaza tumbo. Maji ya kunywa tangu jana yake, kidogo kidogo. Kuanza polepole. Na mwisho, huo mwisho aliokuwa akiuota, kutokata mwendo kwa ghafla: kukimbia kwa ulegevu, kutembea, kuvuta pumzi hadi moyo utulie.

"Na kambani?" Caroline akauliza siku moja. Hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo kati yao.

"Kambani, kanyaga papo hapo. Wakikukataza hata hilo, chezesha vidole vya miguu. Kaza mashavu ya miguu, legeza, kaza, legeza. Damu isilale huko chini. Na ukiona giza, keti. Usiombe ruhusa ya mtu, wasikia? Hata yangu."

"Nasikia, mwalimu."

Wiki moja kabla ya mbio alimnunulia raba Malindi, nyeupe, maana njia ilikuwa na miiba. Caroline alizivaa akacheka mpaka akaona haya.

Siku ya mbio jua halikumhurumia mtu. Mwalimu Nahashon, mwenyekiti mpya wa michezo, alikuwa na filimbi shingoni na kipaza sauti mkononi, na alipenda vyote viwili kupita kiasi. Wasichana walitokea kwenye vichaka vya mibono, vumbi tupu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha raba nyeupe. Wa nne! Kiponda alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Caroline akaingia kambani, akapokea namba yake, akaanza kukanyaga papo hapo kama alivyofundishwa.

"Mguu sawa!" Nahashon akanguruma kwenye kipaza sauti. "Hapa si ngomani! Wote mguu sawa, wageni wawaona!"

"Mwache akanyage," Kiponda akasema. "Yamsaidia kichwani."

"Mwalimu Tembea, leo utapumzika," Nahashon akajibu, na watu wakacheka. "Atakayetoka kambani namfuta. Sheria ni ya nani kwani, si yako?"

Caroline akasimama wima. Meza ya mwandishi ilikuwa tupu. Mwandishi, Mungu amsamehe, alikuwa hemani akimwekea mgeni kiti. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Mtoto alitazama mbele, midomo mikavu, namba kaibana kifuani. Kisha Kiponda akaona magoti yake. Yalikuwa yakitetemeka.

Hakuona kingine tena. Kiwanja kikapotea, mlingoti ukasogea. Akainua kamba kwa mikono yote miwili.

"Toka! Tembea!"

"Mwalimu, mimi si—"

"Toka nakwambia!" Akamshika mkono akamvuta nje. Akamtembeza kiwanja kizima, akihesabu hatua kwa sauti, machozi yakimtiririka, haogopi wa kumwona. Filimbi ikalia nyuma yao. Msichana wa tano akasogezwa mbele, akapewa namba nne. Caroline alitembea.

Jioni Kiponda aliwasili naye nyumbani kwao. Zipporah alitoka mbio, akamshika mtoto uso, mabega, mikono, kama apapasaye gunia aone kama limetoboka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamletea Kiponda kiti.

"Umeniletea mzima," akasema. "Mungu akulipe, Mwalimu. Keti, nikakuletee maji."

Kiponda akaketi. Kifua kilimlegea kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akadhani ndiyo nafuu aliyoingoja. Zipporah alipoingia jikoni, Caroline akaja akasimama mbele yake, wima, mikono ubavuni, namna alivyosimama kambani.

"Nitazame, mwalimu."

Akamtazama. Magoti yake yakaanza kutetemeka, vilevile kama mchana. Mwalimu akaruka kitini.

"Keti! Keti chini, mwanangu!"

Caroline hakuketi. Akainama, akafungua kamba za raba, akazivua, akasimama tena palepale. Vidole vya miguu vilikuwa vikijikunja na kujikunjua vumbini, mashavu ya miguu yakikaza na kulegea, kaza, legeza, na kwa kila kukaza magoti yakatetemeka.

"Sikuwa na kisunzi," akasema. "Nilikuwa nafanya ulichonifundisha."

Kiponda akaviangalia vidole vile mpaka akashindwa. Caroline akazipanga raba vizuri kando ya kiti chake, akaingia ndani pekupeku. Zipporah alimkuta mwalimu bado amesimama, ameshika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akamwambia anywe maji polepole.