Chini ya Jengo la Simu

Mume wangu alikuwa hapokei simu. Ikilia anatoka uani, hata kama yuko karibu nayo kuliko mimi. Nilifunga naye ndoa Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa, na baada ya uchaguzi uliomaliza ubaguzi wa rangi nikamfuata kwao Johannesburg, tukapanga nyumba Bertrams pamoja na mama yake. Miaka yote nilidhani ni maringo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Siku moja nilimrushia mkono wa simu nikamwambia ajibu mwenyewe.

Jirani yetu, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa mlinzi wa jengo kuukuu la simu kule Jeppestown. Alituhadithia kwamba chini yake kuna handaki la zege, serikali ya zamani ililijenga ili simu zisikatike hata vita vikija, na humo walikaa watu wa kusikiliza maongezi ya wenzao. Sasa lilikuwa linangoja kuvunjwa. Mume wangu aliacha kula.

“Nataka kuingia,” alisema.

Jumamosi tulikwenda kwa miguu, na njiani ndipo aliponieleza. Kabla hatujajuana, akiwa nchi ya jirani, mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani hapa hapa Johannesburg, mtaa wa Rosettenville. Jumapili wenye nyumba wakienda kanisani, mume wangu alipiga, simu ikalia mara tatu, akakata. Mama akajua mwanawe yu hai. Hakuna kupokea, hakuna kusema. Jumapili moja hamu ya nyumbani ilimshinda, hakukata, na mama akapokea. Waliongea dakika mbili. Aliuliza hali ya mdogo wake, akaambiwa ni mzima. Wiki iliyofuata habari zikamfikia kwamba mdogo mtu amekamatwa na polisi. Hakutoka hai.

“Nilimtaja jina,” alisema tukiwa kwenye robot ya njia panda, taa ya kijani imewaka na sisi tumesimama. “Eish, nilimtaja jina na wao wanasikiliza.”

“Mama, mushuke polepole, kule chini courant haiko,” mlinzi aliniambia, akanipa tochi. Ngazi hazikwisha upesi. Tulikuta makabati ya chuma, nyaya zilizokatwa na wezi wa shaba, na viti vinne vimeelekezwa ukutani. Juu ya sinki kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba kila mtu aoshe kikombe chake. Hapo nilipandwa na ghadhabu. Watu waliokaa kuwasikiliza mama za wenzao walikuwa wakigombania vikombe!

Mume wangu alifungua droo moja baada ya nyingine akitafuta daftari lolote la Jumapili ile. Alipata kinyesi cha panya na vipande vya waya. Mimi nilizunguka, nikahesabu viti, nikavihesabu tena.

“Twende,” nilisema.

“Bado huku.”

Huko nako hakukuwa na kitu. Aliporudia droo za kwanza nilimshika mkono nikamtoa.

Nyumbani alipitiliza uani. Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga pap, ugali wao. Sikuweza kunyamaza, kwa Kizulu changu cha kuokoteza nilimweleza yote, nikiogopa atalia. Aliweka mwiko chini.

“Alikamatwa Alhamisi,” alisema. “Huyu alipiga Jumapili iliyofuata.”

“Mama! Mbona ulimwambia ni mzima?”

“Mtoto yuko mbali, peke yake. Utampaje msiba kwenye simu? Nani angemshika?”

Hata kwetu msiba hausemwi kwa simu. Anatumwa mtu, naye huanza kwa kusema fulani anaumwa kidogo.

“Na aliporudi?”

“Nilimngoja aulize. Hakuuliza. Nikadhani hataki kulisikia jina la ndugu yake.”

Nilitamani kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani. Wote wawili walikuwa wamekula meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Nikatoka uani. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo.

“Baba watoto, kaa chini kwanza.”

Alinitazama usoni. “Nani amekufa?”

“Mdogo wako,” nikasema. “Walimchukua Alhamisi. Wewe ulikuwa hujapiga.”