Kila Upande Uhesabiwe Peke Yake

Mwenzangu wa chumba cha kumbukumbu za wagonjwa tulimwita Bi Hesabu, na haikuwa utani mtupu. Kwa miaka kumi na moja, kila mwisho wa mwezi, alichukua daftari la chumba cha upasuaji, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akajaza fomu ya wizara ya watu waliopasuliwa pua. Mtu mmoja, kijistari kimoja. Ukimsemesha akiwa katikati anaanza upya, na siku hiyo utanuniwa mpaka jioni. Mimi nimenuniwa sana.

Upasuaji wenyewe ni wa kamera nyembamba inayoingizwa puani hadi kwenye mashimo ya hewa ya usoni, daktari akasafisha usaha na kukata vinyama bila kumchana mtu. Zamani walipitia kwenye fizi, na mgonjwa alitoka amevimba hajulikani. Kamera tulikuwa nayo moja. Foleni yake ilikuwa ya miaka miwili, na shemeji, mume wa Bi Hesabu, alikuwa humo. Ni mwoka mikate. Mwaka wa tatu huo hasikii harufu yoyote, kwa hiyo alichungulia tanuri kila dakika na bado aliunguza. Alishapewa tarehe: mwezi unaofuata, wiki ya tatu.

Ndipo ikaja barua. Wizara ilikuwa imejumlisha upasuaji wa pua wa nchi nzima kwa miaka kumi. Ule wa kuchana ulikuwa umekaribia kwisha, wa kamera ulipanda kila mwaka, na hospitali zote zilipanda nao. Yetu ilikuwa ya mwisho. Kwa kuwa kazi ni ndogo, barua ilisema, kamera itahamishiwa kwenye hospitali yenye kazi nyingi kabla ya mwezi kwisha.

Daktari wa pua aliingia na barua hiyo mkononi, amechoka hoi, mavazi ya upasuaji hajayavua.

"Mgongo wangu umekwisha," akasema. "Hao wanaonizidi mara mbili wanapumzika saa ngapi?"

"Namba zangu safi, daktari," Bi Hesabu akamjibu. "Sijawahi kutia chumvi."

"Najua, mama. Ndiyo maana sielewi."

Bi Hesabu akampigia simu karani mwenzake wa hospitali ile iliyokuwa ipewe kamera. Aliuliza wanahesabuje, akasikiliza, kisha akaigeuza fomu iliyokuwa mezani. Miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kutazama nyuma yake. Pale chini, kwa herufi za kuchungulia, iliandikwa kwamba kila upande wa pua uhesabiwe peke yake. Mgonjwa aliyesafishwa kulia na kushoto ni upasuaji mara mbili, na wagonjwa wetu karibu wote husafishwa kote kuwili.

Kijasho chembamba kilimtoka. Nikamletea maji.

Siku mbili alirudia madaftari yote, mimi nikimsomea. Kwa hesabu ya pande, tungekuwa wa pili katika jedwali la wizara. Akaandika wizarani, akakiri kosa kwa jina lake na cheo chake. Jibu lilikuja upesi na kwa adabu: takwimu zimeshafungwa, masahihisho yatumwe pamoja na ripoti ya mwaka ujao. Jumanne kamera ikatiwa kwenye sanduku, ikaondoka. Nilimchukia kila mtu siku hiyo, hata yeye na vijistari vyake. Halafu nikaona haya, maana fomu zote hizo mimi ndiye niliyezigonga muhuri.

Jumatano mchana mumewe akaja kumpitia. Bi Hesabu hakumzungusha.

"Baba watoto, ile tarehe haipo tena. Kamera wameichukua. Ni mimi niliyekosea kuhesabu."

Shemeji akaketi kwenye benchi, unga bado uko kwenye nyusi.

"Ulizidisha au ulipunguza?"

"Nilipunguza."

Akavua kofia, akaipakata. "Na wenzangu wa kwenye foleni, wamejua?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Wako wangapi?"

"Mia tatu na saba. Na wewe ukiwemo."

Nilitegemea amfokee, na ningemwelewa. Yeye akavuta kiti mpaka mezani kwa mkewe, akaichukua orodha, akaanza kumtajia namba za simu kwa ile sauti yake iliyoziba, taratibu, naye akibonyeza.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja, na alipokea mara moja. Aliposikia ni hospitali hakungoja sentensi iishe. Akashukuru sana, akauliza afike saa ngapi, na kama asubuhi hiyo asile kitu.