Mashine Inayotoa Joto

Mjomba wangu alikuwa haogopi jua. Adhuhuri, watu wenye akili zao wakikimbilia kivulini, yeye ndiyo kwanza yuko juu ya paa la mtu, amekaa kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kama aliyekaa kochini, misumari ya bati imejaa mdomoni, na bado anapiga mluzi. Walimwita Mjusi, na jina alilipenda. Alisema mjusi ndiye mpangaji pekee asiyelipa kodi na bado analala juu ya mwenye nyumba.

Mwaka juzi, baada ya manyunyu, bati likamtelezesha. Miguu haikuamka tena. Hilo tulilitegemea, kwa namna daktari alivyokuwa anaongea huku akitazama dirisha. Tusilolitegemea ni jasho. Siku ya kumtoa hospitali, muuguzi alimwita Mama pembeni, nami nikajipenyeza, maana mimi siwezi kuona watu wananong'ona nikabaki mbali.

"Kuanzia kifuani kwenda chini hatoki jasho tena," alisema. "Joto likimwingia halina mlango wa kutokea. Mlindeni na joto kuliko mnavyomlinda na baridi."

Mimi nilikuwa naona jasho ni uchafu wa kunuka shuleni. Kumbe ni mlango.

Mama ndiye dada yake wa pekee. Alimleta kwetu, chumba cha nyuma, ambacho paa lake alilipiga Mjomba mwenyewe. Alipomaliza bati aliahidi kurudi mvua zikiisha aweke dari. Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Kinyozi hajinyoi, na fundi bati hamwekei dada yake dari. Ukilala chali kwenye chumba kile unaona kenchi, unaona misumari, halafu unaona bati tupu.

Kiangazi kilipoingia, bati zilianza kulia mapema asubuhi, tak, tak, zikijinyoosha kwa jua. Mjomba alizisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mdai wake uani. Tulimfunika mashuka mabichi, tukampepea kwa jalada la daftari langu, lakini siku moja uso ukamwiva, ngozi ikawa kavu kama karatasi, akaanza kuniita kwa jina la Mama.

"Leteni ngazi," alisema. "Nishusheni. Bati linaniunguza, jamani, nishusheni!"

Alikuwa kitandani. Nilishika mkono wake nikamwambia yuko chini tayari, ila hakunisikia. Hospitali walimpoza, wakaturudishia, wakasema yale yale: mtoeni kwenye joto. Tumtoe tumpeleke wapi?

Mama akauza cherehani yake. Jumamosi tukaenda duka la vifaa vya mitumba, viyoyozi vimepangwa ukutani kama meno. Juu yake pameandikwa kwa rangi nyekundu: KIKISHATOKA HAKIRUDI.

"Mama yangu, hapa umefika," muuzaji alisema. "Hiki kidogo kinatoa joto elfu tisa kwa saa. Cha kati, elfu kumi na mbili. Hiki sasa ndiyo baba lao, kinatoa joto elfu kumi na nane!"

Mama alimtazama kama ametukanwa. "Kinatoa joto?"

"Elfu kumi na nane, mama. Sikudanganyi."

"Mwanangu, joto ninalo, nyumbani limejaa tele. Nimekuja kununua baridi."

"Ndiyo hiyo hiyo, mama! Kinavyotoa joto jingi ndivyo..." Simu yake ikaita, akageuka kupokea.

Mama akaniinamia sikioni. "Umesikia? Kumbe vinachemka. Tuchukue hiki kinachotoa kidogo."

"Elfu tisa za nini?" nikamuuliza muuzaji.

Akafunika simu kwa kiganja. "Za joto, mdogo wangu! Kwani shule mnafundishwa nini?"

Tukaondoka na kile kidogo.

Fundi viyoyozi wa mtaani alikuja kukifunga. Boksi la nje akalikaza ukutani, la ndani akalitundika juu ya dirisha, kisha akatazama juu kwa muda mrefu. "Mama, dari mnaweka lini?"

"Wewe funga mashine," Mama alisema. "Dari haipozi mtu."

Mashine ilipowaka Mama alipiga vigelegele. Akachukua rimoti, akashusha namba mpaka kumi na sita, ikagoma kushuka zaidi. Ukiweka kiganja mdomoni mwa mashine unasikia ubaridi kweli. Boksi la nje liliguruma mchana kutwa bila kupumzika, na Mama akamsifia jirani juu ya ukuta: "Inajituma hiyo! Haikai hata kidogo."

Lakini jua liliposimama kichwani, ule ubaridi ulikuwa unafia njiani kabla ya kufika kitandani. Siku ya tatu Mjomba aliacha kutania. Wakati mwingine wowote angeniambia, "Bi Maswali, leo huna swali? Unaumwa?" Siku hiyo macho yalikuwa wazi tu, yanatazama kenchi.

"Nishusheni," akasema, pole pole, kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikika.

Mama alimpigia simu fundi huku analia. Alipofika akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaweka kiganja. "Mashine nzima," akasema. Mama akanyakua ndoo akakimbilia bombani, na mimi nikabaki na maswali yangu.

"Kama ni nzima, mbona haitengenezi baridi ya kutosha?"

"Binti, hakuna mashine inayotengeneza baridi. Hii inachota joto humu ndani inalimwaga nje. Ndoo tu. Elfu tisa ndiyo ukubwa wa ndoo kwa saa."

"Kwa hiyo inatoa joto..."

"Inatoa, ndiyo."

"Kutoa kama moto unavyotoa moshi? Au kutoa kama mtu anavyotoa taka nje?"

Fundi akacheka kidogo, halafu akaona sura yangu, akaacha. "Taka, binti. Taka."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na rimoti? Tumeweka kumi na sita."

"Ile ni unachoomba. Namba ya kwenye kibandiko, ile elfu tisa, ndiyo inachoweza. Unaweza kumwomba mchukuzi abebe nyumba, haina maana ataibeba. Iweke ishirini na tano, inatosha. Sikiliza huko nje. Mashine ikilimudu joto, hunyamaza, inapumzika, kisha inaamka. Hii haijanyamaza toka niifunge. Imeelemewa."

Mama aliingia na ndoo, maji yakimwagika miguuni. Nikamweleza habari ya kutoa na kutoa. Nilidhani atafurahi kuelewa. Aliweka ndoo chini taratibu mno.

"Kwa hiyo nilichagua ndogo kwa makusudi," alisema. "Nimeuza cherehani yangu nikamnunulie mdogo wangu kifo."

"Mama, hapana," fundi akasema. "Chumba hiki kingekuwa na dari, elfu tisa ingetosha na kubaki. Bila dari, hata ile kubwa ingehema. Bati linamwaga joto kuliko ndoo inavyochota. Mtumbwi ukitoboka, unanunua ndoo kubwa au unaziba tundu?"

Mama alirudia ndoo yake. Alikuwa anachovya shuka, anakamua, anachovya tena.

Jioni, bati zilipopoa, fahamu zikamrudia Mjomba. Tulimweleza. Alitazama juu.

"Ile dari," akasema. "Nilisema mvua zikiisha, eti?"

"Achana nayo," Mama akamjibu. "Sasa tunaweka nini? Mbao hatuna."

"Kuna maboksi ya karatasi ngumu?"

Yalikuwepo, ya mashine yenyewe na mengine ya kwa jirani. Hayakufika hata nusu. Mama akatoka, akarudi anaburuta godoro lake, kisha langu. Mjomba akaanza kutuamrisha kutoka kitandani kama alivyowaamrisha vijana wake: waya upite kenchi hadi kenchi, anza pembeni, si katikati, ile kenchi ya kushoto usiiguse, mchwa wameila, acha uwazi kati ya boksi na bati. Mama juu ya meza, mimi juu ya stuli, vumbi la miaka likitumwagikia machoni.

"Dada," Mjomba akasema tulipolipandisha godoro, "sasa mjusi ni wewe. Unanilalia kichwani."

Mama hakucheka. Alikuwa anafunga fundo kwa meno.

Kesho yake jua lilipanda kama kawaida. Bati zikalia, ila kwa mbali, kama ziko kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mama alikaa sakafuni na ndoo yake, shuka bichi mapajani. Kila mara aligusa shingo ya Mjomba. Yeye alikuwa amefumba macho, nami nilikuwa naogopa kumtazama mdomo, nisije nikaona unatafuta lile neno, nishusheni. Nje boksi liliguruma, liliguruma.

Halafu likanyamaza.

Mama aliruka. "Imekufa!" Alibonyeza rimoti, akaipiga kiganjani, akamrukia Mjomba akalaza sikio kifuani. "Imekufa, Mungu wangu, imekufa!"

"Mama, inapumzika! Fundi alisema..."

"Inapumzika nini, adhuhuri hii? Kimbia kamwite!" Akamtupia Mjomba lile shuka bichi mwili mzima.

Mjomba akafumbua macho. Akalishika shuka kwa vidole viwili, akalisogeza.

"Dada, ni nini tena? Nasikia baridi mimi. Lete kavu."

Mama alisimama na rimoti mkononi. Juu ya magodoro yetu bati zilikuwa bado zinagonga. Kisha, nje, boksi likaguruma tena, lenyewe, bila mtu kuligusa. Mama akakaa palepale kwenye maji yaliyomwagika, na kwa mara ya kwanza toka Mjusi aanguke, akalia kwa sauti.

"Bi Maswali," Mjomba akaniambia, "shuka kavu. Mwache alie, na yeye anatoa joto."