Shimo Lenye Jina la Fundi

Mutu akitoka Kasongo kwenda Kabambare, akishapita Lusangi, barabara inateremka ku kijito chenye daraja la magogo, kisha inapanda ku udongo mwekundu. Pale pa kupanda palikuwa na shimo. Vijana wa pikipiki, wale tunaowaita wamotari, wanapaita kwa jina la mutu aliye hai, mwenye afya na tumbo, mwenye garaji yake hapa Kasongo. Jina hilo nimelipachika mimi. Sitaliandika hapa, na si kwa huruma. Mwenye kulitaka aende ku soko, aulize njia ya Kabambare iko namna gani siku hizi. Atalisikia kabla hajapanda pikipiki.

Kwetu mashimo ya barabara yanapewa majina tangu zamani. Kuna Acha Mzigo, kuna Shuka Baba, kuna Mama Anangoja. Mutu wa kwanza kupata hasara kubwa ndani ya shimo ndiye mwenye haki ya kulibatiza. Hiyo ndiyo sheria. Serikali haina habari nayo, kama vile haina habari na barabara yenyewe.

Gari letu ni jeep ya zamani, alituachia mutoto wangu wa kwanza. Shofere wake ni mujukuu wangu mwanamuke, na wanaume wa hapa wamechoka kushangaa. Kwetu mujukuu mwanamuke ni muke wa babu yake, kwa mzaha. Basi mimi na yeye ni wake wenza, na tunatupiana maneno tangu chai ya asubuhi mpaka kulala.

Kisa kilianza ku njia ya Nyangwe, tulikokwenda kupakia mawese. Gurudumu la mbele liliingia mu shimo, paa! Meno niliyobaki nayo yakagongana. Gari likatoka, lakini kutoka hapo likaanza kunung'unika, uuuu, kama mutu anayelaani akiwa ndani ya mtungi. Na mbele ya shofere, mu tablo, zikawaka taa mbili, moja ya rangi ya chungwa na moja nyekundu.

"Muke mwenzangu," nikamuambia, "gari linakutolea macho."

"Naona, nyanya. Hiyo nyekundu ni ya freni, ya kusimamisha magurudumu. Lazima fundi aangalie."

"Basi lipeleke. Mimi shule niliiacha mapema, lakini taa nyekundu haiulizi diplome."

Fundi tuliyemuendea anajiita Daktari wa Magari. Neno hilo ameliandika ku mlango wa garaji kwa rangi ya bluu. Alitoa gurudumu, akaona janti, kile chuma chake cha duara, imepinda, akaipiga nyundo mpaka ikarudi duara, au karibu na duara. Mujukuu wangu akamuuliza habari ya mnung'uniko na zile taa. Fundi akapangusa mikono, akanitazama mimi badala ya kumutazama yeye.

"Taa za gari ni kama wake wa zamani," akasema. "Zinalalamika hata zikishiba. Siyo, mama?"

"Mimi ni muke wa zamani," nikamujibu. "Nikilalamika, jua kuna kitu."

Watu wa garaji wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akatuambia turudi jioni. Tuliporudi, taa zote mbili zilikuwa zimezimika, na gari alikuwa amelipaka grisi, likanung'unika kwa sauti ya chini kidogo, kama mutu aliyezibwa mdomo. "Mama, sasa enda hata Kalemie," akasema, akapiga boneti kwa kofi kama anapiga mgongo wa ng'ombe. Nilimubariki. Nilimubariki kwa mdomo wangu huu! Baraka ile nimeshaiendea, nimeikokota nyuma kwa mguu.

Haukupita mwezi, simu ikalia asubuhi mapema. Alikuwa mutoto wa mudogo wangu. Mudogo wangu huyo ndiye aliyenifuata mu tumbo la mama yetu, akaolewa Kabambare, akazeekea kule.

"Mama mukubwa," akasema, "mama ametuacha alfajiri."

Sisi Waislamu hatuweki maiti. Nikamuuliza wanamutoa saa gani. Akasema watu wa msikiti wamekubali kuningojea mpaka alasiri, zaidi hapana. Mwenye kujua mila yetu atanielewa: wanawake hatufuati jeneza. Mlango wa nyumba ndio mwisho wetu. Nikifika kabla jeneza halijapita mlangoni, watanifunulia uso wake. Nikichelewa, nitakuta mikeka na wanawake wanaokohoa. Sikutaka kitu kingine. Kulia ningelia hata Kasongo. Nilitaka kuona uso. Mudogo wangu alikuwa na mwanya mbele kama wangu, wa mama yetu, na mu nyumba yetu tulikuwa tumebaki wawili wenye mwanya huo.

Kilikuwa kiangazi, njia kavu. Gari zima likitoka Kasongo mapema linafika Kabambare kabla ya alasiri. Mujukuu wangu hakula. Aliwasha gari nikiwa bado nafunga kilemba.

Tukapita Lusangi jua halijafika juu. Nikaanza hata kusema moyoni, tutafika, nitapata na muda wa kunawa miguu. Tukavuka magogo ya kijito, tukaanza kupanda. Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Hapo ndipo panaponichoma. Mbuzi angelala ndani yake akaacha miguu nje. Gari zima lingepita likicheza. Letu liliingia, likalia kraa, likaegemea upande kama mlevi, na gurudumu la mbele likalala nje, limekunjika. Mutikiso ulikuwa mukali hata kitu kidogo cheusi kikaruka kutoka mu tablo, kikaangukia mapajani mwa mujukuu wangu. Na pale kilipotoka, taa nyekundu ikawa inatutazama.

Akakiokota. Kilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kimekatwa kidogo kama punje ya kunde, kimepakwa gundi. Akapitisha ukucha ku kioo cha tablo, akabandua cha pili. Ya rangi ya chungwa nayo ikafungua jicho.

"Nyanya," akasema polepole, "hakutengeneza. Alizifunika."

"Sema tena."

"Rulema ilikuwa imepasuka tangu siku ile ya Nyangwe." Rulema ni ile pete ya chuma inayoshika gurudumu lizunguke sawa. "Taa zilikuwa zinatuambia. Yeye akaziba."

Nikavichukua vile vipande viwili, nikavifunga mu ncha ya kikwembe changu. Sikulia. Nilishuka, nikasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

Motari wa kwanza alitoka upande wa Kabambare, amepakia magunia, hawezi kunichukua. Akasimama kuangalia, maana gari lililovunjika hakuna anayelipita bila kuliangalia.

"Pole, mama. Lakini shimo hili dogo hivi limewavunja? Hili bado halina hata jina."

"Sasa linalo," nikamuambia. Nikalitaja jina la fundi, lote, na la baba yake juu yake.

Motari akafungua mdomo. "Daktari mwenyewe?"

"Mwenyewe. Lipeleke Lusangi, lipeleke Kasongo. Waambie kuna nyanya ameanguka ndani yake na mudogo wake anangoja kuzikwa."

Alicheka kwanza. Kisha aliposikia neno la kuzikwa akavua kofia. Lakini jina alilibeba, nilimusikia analijaribu mu mdomo akiwa anawasha pikipiki.

Nilingoja. Jua likapita kichwani, likaanza kushuka, na mimi ningali nahesabu vivuli vya miti. Mwishowe akaja motari anayeenda Kabambare, nyuma kutupu.

"Muke mwenzangu, enda," mujukuu wangu akasema, macho mekundu. "Mimi nitalinda chuma chetu."

Nikapanda, kikwembe nimekikaza mapajani, na kila tulipopishana na mutu nikapiga kelele jina la lile shimo.

Nilipofika, maji waliyomuogeshea yalikuwa bado hayajakauka nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Wanawake walikuwa wamekaa ku mikeka, na hakuna aliyenitazama usoni. Mutoto wa mudogo wangu akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Mama mukubwa, walingoja. Walingoja mpaka sheikh akasema sasa hapana."

"Mdomo wake ulikuwa umefungwa?" nikamuuliza.

"Ulifungwa, mama mukubwa. Vizuri."

"Basi mwanya haukuonekana."

"Haukuonekana."

Nikakaa chini. Waliponiletea maji nikayanywa, nikafungua ncha ya kikwembe, nikawaonyesha wanawake vile vipande, kimoja baada ya kingine, vikapita mkono kwa mkono mpaka mlangoni, vikanirudia. Nikawaambia jina. Msiba una watu wa kila kijiji, na kila mutu anarudi kwao. Kisomo cha mwisho kilipokwisha, jina lilikuwa limeshatangulia pande zote.

Niliporudi Kasongo nilikuta kazi inaendelea bila mimi. Ku soko wamotari walinisalimu kutoka mbali. "Nyanya, leo nimeingia ndani ya Daktari mpaka magoti!" Mwingine akamuambia muke wa fundi, palepale mbele ya mafungu ya vitunguu, "Mama, jana mume wako amenimwagia mizigo." Yule mama aliacha kapu lake akaenda nyumbani. Kwake nilisikia huruma kidogo. Kwa mume, hata chembe.

Akaja mwenyewe, na baba yake mudogo wa kumusindikiza, na kuku wa kunipa. Akasimama uani kwangu, tumbo limeingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Mama, jina langu nilipewa na babu yangu. Sasa angalia. Juzi motari mumoja amesema mbele ya watoto wangu kwamba amesimama njiani akanikojolea."

Nikauma mdomo ili nisicheke. "Kuku karibu," nikasema. "Kaeni, mutakula."

Mugeni kwetu hakatai sahani. Nikapika yule kuku kwa mawese na pilipili, harufu ikawafikia kule walikokaa. Nikamupelekea baba yake mudogo bugali na paja. Fundi nikamuwekea sahani ya peke yake, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine. Akanawa, akasema bismillahi, akafunua. Ndani mulikuwa na vile vipande viwili vya mpira.

Baba yake mudogo aliacha kutafuna.

"Kula," nikamuambia. "Umepika mwenyewe."

Mikono yake ikabaki juu ya sahani. "Mama, nisamehe. Rulema haikuwepo Kasongo. Na mafundi wote wanafanya hivi. Mutu akiona taa, anahangaika. Asipoiona, analala."

"Hata mudogo wangu analala."

Akaifunika sahani tena. Mimi na muke mwenzangu tulikuwa tumeshakula sehemu yake jikoni. Nikamuambia ninachotaka: aende akalifukie lile shimo. Kwa mikono yake, si ya watu wa garaji. Siku nitakayokwenda Kabambare kwa arobaini ya mudogo wangu, nataka nipite bila mutikiso.

Siku ya arobaini ikafika. Gari lilikuwa limetengenezwa na fundi mwingine, kwa rulema iliyoletwa kutoka Bukavu. Tulipovuka magogo nikamuona. Alikuwa palepale pa kupanda, suruali imekunjwa, udongo mpaka kiunoni, anabeba mawe kutoka ku kijito. Wamotari wamesimamisha pikipiki zao, wanamutania.

"Leo Daktari anajizika mwenyewe!"

"Elekeza uso kibla, Daktari!"

Nikamuambia mujukuu wangu azime gari. Nikashusha kigoda changu kidogo cha jikoni, nikakiweka kando ya barabara, nikakaa. Nilimutazama akipanga mawe, akimwaga udongo, akiukanyaga kwa miguu yake. Sikumuharakisha. Maziko hayo sikuyachelewa.

Alipomaliza akasimama mbele yangu, anapumua kwa kinywa. "Mama, sasa jina litatoka?"

Nikainuka, nikapita juu ya ule udongo kwenda na kurudi, nikaupiga kisigino. Haukutikisika. "Umefanya kazi nzuri," nikasema. Akaendelea kungoja. Mimi nikachukua kigoda changu.

Mu gari nikapitisha kidole ku kioo cha tablo, upande mmoja mpaka mwingine, nikihakikisha hakuna kitu kilichobandikwa. Mujukuu wangu akawasha. Taa zikawaka zote, zikazimika zenyewe, kama inavyotakiwa.

"Nyanya," akasema tulipokwisha kupanda, "shimo halipo tena. Sasa pataitwaje?"

"Vilevile," nikamuambia. "Kaburi nalo linaitwa kwa jina la mwenyewe. Endesha, watu wanatungojea."