Wimbo wa Mira Uko Kwenye Simu Yangu

Admin, ukiposti hii nifiche kabisa, maana huku Sydney Waswahili tunajuana. Nina miaka 36, ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa naishi Doonside na wanangu watatu. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kuna kosa nalibeba peke yangu, na muda umeniishia.

Miaka miwili sasa namtunza bibi mmoja wa Kroatia, yuko Quakers Hill. Jamani, huyu bibi alikuwa mwimbaji haswa! Alianza kanisani akiwa mtoto, akaenda kuimba jazi kwenye mahoteli ya watalii, akahamia kwenye roki na suruali za ngozi, kisha akarudi kwenye nyimbo za asili za kijijini kwao. Kila watu walipomzoea, alibadilisha. Hapa Sydney ameimba kwenye harusi za Wakroatia wenzake mpaka akiwa na miaka sabini na kitu. Sebule yake imejaa mabango, na kila bango utadhani ni mwanamke mwingine.

Nilipoanza kazi kwake, kumbukumbu zilishaanza kumtoka. Lakini asubuhi nikimchana nywele alikuwa anaimba wimbo mmoja wa taratibu, kwa Kikroatia, na ndani yake nilisikia jina la binti yake wa pekee. Nitamwita Mira. Siku moja akili yake ilikuwa imetulia, nikamuuliza ni wimbo gani. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, "Huu si wa jukwaani. Nilimtungia mtoto wangu, ila sikuwahi kuwa nyumbani nimwimbie."

Sasa mimi ni mwalimu wa kwaya. Sisi wanakwaya nyimbo tunazikamata kwa simu, ukisikia sauti nzuri popote unarekodi kwanza, mengine baadaye. Nikamrekodi. Kampuni yetu inakataza kabisa kumrekodi mteja, na nilisaini. Wala sikuishia hapo. Niliutilia maneno ya Kiswahili, penye jina la Mira nikaweka la Yesu, nikawafundisha kwaya yetu ya Lidcombe. Kanisa zima lililia. Mwenyekiti wetu, Mkongomani, akanishika mkono, "Yaya, dada yangu, wimbo hii ni ya mbinguni! Ni weye uliitunga?" Nikatabasamu, nikanyamaza. Mpaka leo watu wanajua ni wangu.

Mwezi uliopita bibi alipata kiharusi, sauti ikakatika. Daktari anasema ni siku tu zimebaki. Mira anakuja kila jioni lakini hamsogelei. Anasimama mlangoni na koti lake dakika kumi, anaondoka. Juzi nikamwambia, "Mshike mama hata mkono." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema, "Mama ameimba kila aina ya wimbo duniani. Mimi hajawahi kunitungia hata mmoja. Nitamshika kama nani?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikachukua bakuli la supu nikaenda kuliosha. Nililia pale jikoni nimefungua bomba ili asinisikie.

Nikimpa ile sauti, lazima atauliza nimeipataje, na kampuni ikijua, kazi sina. Faili la kumleta mama yangu mzazi kutoka kambini limeegemea kazi hii. Sijamwona kwa miaka kumi na moja, naye anazeeka. Na kwaya je? Nisimame mbele ya kanisa niseme niliiba wimbo wa mtoto wa watu? Jana nilimweleza binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na nne. Hata hakuinua macho kwenye daftari lake. "Mum, it's hers," yaani ni wa Mira, basi.

Naandika hapa stesheni ya Blacktown nikisubiri treni ya pili ya kwenda kazini. Jumapili kwaya inauimba tena. Kanisa lote linauimba bila karatasi, hadi watoto wadogo. Asiyeujua ni mmoja tu, na ndiye aliyetungiwa.

Matusi nimeshajitukana mwenyewe, nyie nishaurini tu. Nimpe leo nipoteze kazi, na mama yangu abaki kule kambini? Au ninyamaze, mama wa mwenzangu aondoke huku binti yake amesimama mlangoni? Nifanye nini ndugu zangu? Treni ndiyo hiyo inaingia.