Msikilizaji wa Somo la Nne

Saa tisa na dakika kumi na mbili mchana. Saa hiyo siitaji kwa kukisia. Programu ya kurekodi huliandikia kila faili saa lilipoanza, na faili hilo ninalo mpaka leo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua utakavyosema: fundi alichoka, fundi aliota. Kuchoka, nilichoka kweli. Kuota, hapana. Watu hudhani mambo haya huja usiku, tena makaburini. Mimi yalinikuta mchana kweupe, mjini Mbale, mtaa wa Malukhu, katika chumba cha ghorofani chenye zulia ukutani la kuzuia mwangwi.

Kazi yangu ni kurekodi mihadhara ya chuo kwa wanafunzi wanaosoma mtandaoni. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma na kwa kuharibu. Programu yenyewe si ngumu. Slaidi hukaa katikati, uso wa mwalimu hukaa kwenye kidirisha kidogo pembeni, na chini kuna mstari wa kijani unaopanda na kushuka kwa sauti yake. Kigumu ni mwalimu. Mwambie mtu aliyefundisha miaka thelathini aongee na kamera, anakauka kama kuni. Ndiyo maana nilikuwa na desturi: nyuma ya kamera naweka kiti, na kwenye kiti namketisha mtu. Mtu yeyote. Mwalimu akiona macho ya mwenzake, maneno hutoka yenyewe.

Wiki ile mwalimu alikuwa Haji Twaha, mzee wa Masese kule kwetu Jinja, aliyekagua samaki mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha mzigo, tangu ujana wake. Chuo kilitaka masomo yake kumi na mawili ya kuhifadhi samaki kabla ya Ijumaa. Mkataba ulisema wazi: yote kumi na mawili, au hakuna malipo, kwake wala kwangu. Tukapanga vyumba Namatala, humo humo Mbale, tukaanza Jumatatu.

Masomo matatu ya kwanza aliyasikiliza mlinzi wa jengo, Afande Okiror, askari magereza mstaafu.

"Haji, wewe naongea samaki mpaka tumbo yangu nalia," alilalamika. "Leta hata moja ya mfano!"

"Afande, wewe umezoea posho na maharage ya wafungwa," Haji akamjibu. "Samaki utaanza kumla upande gani?"

Jumanne Afande akaenda Soroti mazikoni. Kiti kikabaki kitupu. Haji akajaribu mara tatu, na mara tatu nikafuta. Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa gomesi ya kahawia, lile gauni refu la mkanda kiunoni, hana mkoba wala simu.

"Mulembe," akatuamkia kwa Kigisu.

Tukaitikia. Nikamwuliza kama ana nafasi ya kukaa nusu saa amsikilize mzee. Akaketi. Sikumwuliza jina, wala kwao. Kosa hilo ni langu peke yangu. Nikabonyeza kitufe chekundu, saa tisa na dakika kumi na mbili.

Somo la nne lilikuwa la kumtambua samaki aliyeanza kuharibika: macho, mashavu, nyama unapoibonyeza. Niamini, sijapata kurekodi mhadhara mzuri kama ule. Yule mama hakupepesa macho. Jambo moja tu: midomo yake ilicheza. Alirudia maneno ya Haji bila sauti, neno moja nyuma, kama mtoto wa madrasa anayemfuata mwalimu wake. Nilidhani ni bidii. Wewe ungedhani nini?

Tukamaliza la nne, la tano na la sita. Akaondoka bila kuaga.

Jioni, mkahawani Namatala, tuliletewa samaki aina ya ngege. Harufu yake niliisikia kabla sahani haijatua. Haji alikuwa ameshamega.

"Haji, huyo si ameoza?"

Akamgeuza samaki, akambonyeza kwa kidole, akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji wa ugeni. "Mtu anajuaje, bwana fundi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano mama akaja tena, tukarekodi la saba na la nane. Sasa midomo yake ilikwenda sambamba na ya Haji. Alipotoka nje wakati wa mapumziko, nikampima Haji kwa utaratibu, kama ninavyopima vyombo vyangu. Somo la kwanza? Alilieleza vizuri. La pili na la tatu? Vizuri. La nne? Akaniuliza lilihusu nini. La tano mpaka la nane, vivyo hivyo. Nikamfungulia faili la nne. Alitazama mpaka mwisho, mikono yake imelala mapajani.

"Huyu mzee anaijua kazi," akasema taratibu.

Nikamwambia tuache. Akakataa.

"Yamebaki manne, na ada ya mjukuu wangu inayangoja hayo. Yaliyotoka yamo ndani ya mashine. Nitayasoma humo kama wengine."

Ningemfunga mtu mzima mdomo? Mama akarudi kwenye kiti, nami nikabonyeza kitufe.

Somo la tisa lilikuwa la kukausha samaki kwa moshi, kazi aliyofundishwa na mama yake mzazi. Dakika ya pili nikaona midomo ya yule mama imetangulia. Yeye anamaliza sentensi, ndipo Haji anaisema. "Mama yangu alikuwa..." Haji akaanza, akakwama. Akamtazama mwanamke wa kitini, akingoja aambiwe. Mstari wa kijani ukalala.

Nikachomoa waya ukutani. Kompyuta ile haina betri. Ikazima papo hapo, na somo la tisa likapotea kabla halijahifadhiwa.

Mama akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Haji, kile alichokipata kwa miaka mingi ya moshi wa samaki. Na kwa sauti ya Haji akasema, "Bwana fundi, bado manne."

"Hakuna tena, mama," nikasema. "Tumefunga."

Akainuka, akaweka gomesi yake sawa, akatoka. Sikumfuata. Nyuma yangu nilimsikia Haji akisema polepole, "Mama yangu alikuwa anaanza na moto mdogo." Akairudia sentensi hiyo, na akairudia tena. Ilikuwa bado yake.

Haji hakurudi kukagua samaki. Kila Ijumaa baada ya swala huja kwangu nimfungulie la nne mpaka la nane. Anaandika kwenye daftari, na Ijumaa inayofuata ni kama hajawahi kuyasikia. Nimechoka, naye amechoka kunizidi, lakini hatujaacha. Yale manne ya mwisho huwafundisha akina mama wa mwaloni ana kwa ana, penye moshi. Sijayarekodi, wala sitayarekodi.

Nawe unayefanya kazi kama yangu, usimketishe mbele ya mwalimu mtu usiyemjua kwao. Mimi kiti nakitoa nje kabisa. Mihadhara yangu imekuwa mikavu na walimu wananung'unika, waache wanung'unike. Chuo kilishika mkataba wake. Mjukuu wa Haji alikaa nyumbani muhula mzima, nami nilipoteza shilingi milioni moja na laki mbili.