Mafuta Kwenye Paji la Uso

Juzi, katika duka moja la mtaa wa Morningside, muuzaji alitupa mkate na mafuta ya zeituni tuonje, mimi na binti yangu. Harufu ile ilinirudisha utotoni, kwenye shamba la mizabibu la familia moja, nje ya Durban. Mke wa mwenye shamba alikuwa mteja wa Mama kwenye saluni alikosukia nywele, ndiye aliyetualika.

Nilipoona kitambaa cheupe, mkate uliokatwa na divai kidogo kwenye kila glasi, nilijua ni Meza ya Bwana. Kisha wageni wakaanza kutema divai ndani ya ndoo. Nilishika sketi ya Mama nikisubiri radi ipige. Leo najua walikuwa wanaonja divai za shamba, wakiogopa kulewa tu.

Mama alimeza yake. Mafuta yalipoletwa, alichovya kidole akanipaka msalaba kwenye paji la uso, kama kanisani kwetu. Meza nzima ikacheka.

“Usipanguse,” Mama aliniambia. “Waache wacheke.”

Juzi nami nilichovya kidole, nikampaka binti yangu msalaba kwenye paji la uso. Muuzaji akaninyooshea tishu haraka. Nilimrudishia.

“Hayajamwagika,” nilimwambia. “Yamefika.”